Quenya, Sindarin, Kidothraki au Kiklingon: lugha ipi impe jina mhusika wako?

Mdogo wangu wa mwisho ameomba nafasi kwenye meza yetu. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo ambao msimulizi mmoja huongoza hadithi na kila mwingine huigiza mhusika wake, Jumamosi kuanzia saa kumi jioni, barazani kwenye nyumba moja ya Kijitonyama: watu watano, chupa ya chai ya tangawizi, na dadu moja ya pande 20 tunayopokezana. Mhusika wake anamjua tayari, hata kabla ya kujaza namba za nguvu na wepesi kwenye karatasi. Ni mwanamke baharia, alizaliwa usiku chomboni, na njia anaisoma kwa nyota. Kilichobaki ni jina. Juzi tukiwa kwenye pantoni kwenda Kigamboni akaniuliza, "Kaka, nitafute kwenye Kielfi au kwenye ile ya wale watu wa farasi?" Sijamaliza kumjibu, tukawa tumefika ng'ambo. Nimeona niandike, maana swali lake huulizwa na kila mgeni wa meza, na jibu linategemea mambo ambayo orodha za majina za mtandaoni hazisemi.

Kwetu jina huwa na sababu. Chausiku kazaliwa usiku. Tabu na Mashaka, majina yao yanaeleza mama alikuwa katika hali gani. Jina Sikujua ni sentensi nzima. Usukumani, Mabula na Kabula wamekuja na mvua. Ndiyo maana mtu akishataja jina la mhusika wake mezani, swali linalofuata ni moja tu: maana yake nini? Mchezo wenyewe haumsaidii kujibu. Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, una lugha ya Waelfi, viumbe wa hadithi wanaofanana na binadamu, na lugha ya vibeti, lakini kitabu cha wachezaji kinatoa majina ya mfano tu, si msamiati na sarufi ya kumwezesha mtu kutunga la kwake. Kwa hiyo watu huazima kwenye lugha zilizotungwa kwa ajili ya riwaya na filamu. Mimi huzipima kwa mambo matatu: neno linakaaje kwenye mdomo wa Mswahili, lugha inaungaje maneno hadi kupata jina, na jina hilo linakuja na maisha gani nyuma yake. Hilo la tatu wengi hulisahau, nalo ndilo linaloharibu wahusika wengi.

Quenya na Sindarin

J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892 na baadaye kufundisha Oxford, alianza na lugha, hadithi zikafuata. Mbili kati ya lugha zake, zote za Waelfi, ndizo zenye msamiati wa kutosha kutungia majina: Quenya, ambayo ladha yake aliichota kwenye Kifini, na Sindarin, aliyoipa sauti za Kiwelisi. Zimetoka kwa mama mmoja, kwa hiyo maneno yake yanafanana kama ndugu. Mwezi ni isil kwa Quenya, ithil kwa Sindarin. Jua ni anar na anor. Moto ni nár na naur. Mti ni alda na galadh.

Kwa mdomo wetu, Quenya haina mpinzani. Neno lake huishia kwa irabu, au kwa mojawapo ya konsonanti chache: l, n, r, s, t. Herufi c husomwa k siku zote. Vile vinukta viwili juu ya ë havibadilishi sauti. Vimewekwa kumkumbusha msomaji wa Kiingereza kwamba irabu hiyo inatamkwa. Mswahili havihitaji, kwani sisi hatuna irabu bubu. Jambo moja tu linatutega, nalo ni mkazo. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri. Quenya huuweka hapo iwapo silabi hiyo ina irabu ndefu, au irabu mbili zinazotamkwa kwa pamoja, au irabu yake inafuatwa na konsonanti mbili. La sivyo mkazo unarudi nyuma, silabi ya tatu kutoka mwisho. Elendil, Isildur na Elentári tutayatamka sawasawa bila kufundishwa. Lakini Lómiel mkazo wake uko kwenye Ló, na meza nzima itasema lo-MI-el mpaka mwenye jina awasahihishe. Ukitaka kuepuka usumbufu huo, chagua jina lenye konsonanti mbili karibu na mwisho.

Kuna kipimo kingine cha Quenya ambacho natamani kila mgeni akijue. Sauti b, d na g hazisimami peke yake katika lugha hiyo. Huja zimeegemea konsonanti nyingine, kama mb, nd, ld, rd na ng. Kwa hiyo jina linaloanza na B, D au G si Quenya, hata kama orodha imeapa. Mwenzetu mmoja alimcheza mpiga upinde wake miezi minne kwa jina lililoanza na D, alilolichukua kwenye orodha iliyodai kuwa ni Quenya, maana yake mwanga wa mwezi. Siku kikundi kilipokuta maandishi ya Waelfi kwenye mlango wa pango, msimulizi wetu, aliyekuwa ameyatunga kwa uangalifu ili majina ya wahusika yawe sehemu ya fumbo, akagundua kwamba jina lile halifumbuki kwa namna yoyote. Mwenzetu aliumia kweli. Alikuwa amemjengea mhusika wake historia nzima juu ya ule mwanga wa mwezi. Orodha nyingi huchanganya maneno ya Tolkien na yaliyobuniwa na mashabiki bila kutofautisha, kwa hiyo kabla ya kulipenda jina, lifumue. Likikataa kugawanyika katika vipande unavyoweza kuvionyesha kwenye msamiati, liache.

Kuunga jina kwa Quenya ni kazi ya kuweka kitu mbele na uhusiano nyuma. Tamati -ndil ni mpenzi wa kitu, -ndur ni mtumishi wake, -ion ni mwana wa kiume, -iel ni binti, -wen ni mwanamwali. Eärendil ni mpenzi wa bahari. Isildur ni mtumishi wa mwezi. Anárion ni mwana wa jua. Tazama jinsi tofauti ndogo ya tamati inavyobadilisha mtu: anayeipenda bahari na anayeitumikia bahari ni wahusika wawili, na mchezaji akilijua hilo kabla ya kuchagua, nusu ya tabia ameshaiandika.

Kwa baharia wa mdogo wangu, Quenya inatoa milango miwili. Eärwen, mwanamwali wa bahari, lipo tayari katika hadithi za Tolkien, na mkazo wake unatukaa vizuri. Lómiel ni la kutunga, kutoka lómë, usiku au giza la jioni, na tamati ya binti. Lakini halikutungwa hewani, kwa sababu Tolkien ana Lómion, mwana wa giza la jioni, jina ambalo mama mmoja alimpa mwanawe kwa siri moyoni. Lómiel ndiye Chausiku wao.

Sindarin ni nzuri zaidi masikioni. Nalisema hilo wazi ingawa sitaipendekeza kwa anayeanza. Dh yake ni ya dhahabu, th yake ni ya thelathini, na ch yake ni kh ya kheri, sauti ambazo mtoto wa pwani hahitaji kujifunza. Tatizo ni kwamba konsonanti zake hulainika maneno yanapoungana. Elwing, jina lenye maana ya rasharasha za maji zenye nyota, limetoka kwa êl, nyota, na gwing, povu la wimbi. Ile g imeyeyuka. Unaweza kudhani umepata kanuni. Kisha unakutana na Elbereth, malkia wa nyota, kutoka êl na bereth, na b imekaa palepale, haikugeuka v kama kanuni inavyotaka, kwa sababu za historia ya neno lenyewe karne nyingi nyuma. Mwenye Kiswahili asione ajabu sana: sisi wenyewe tunasema mkono mrefu lakini njia ndefu, na hatumwelezi mtu r imekwenda wapi. Ila sisi tumekua na hilo. Sindarin itabidi uisome. Hata Legolas, jina linalojulikana kuliko yote, lina maana ya majani mabichi lakini kwa lafudhi ya msituni; kwa Sindarin safi lingekuwa Laegolas.

Sasa maisha yaliyo nyuma yake. Katika hadithi za Tolkien, Quenya ilibaki kuwa lugha ya sherehe na elimu, kama Kilatini cha misa za zamani, na Sindarin ndiyo iliyozungumzwa jikoni na barabarani. Jina la Quenya kwa hiyo lina uzito wa kiti cha enzi. Aragorn, mrithi wa ufalme katika The Lord of the Rings, aliyelelewa kwa jina la Sindarin, Estel, aliingia katika ufalme wake kwa jina la Quenya, Elessar. Estel maana yake ni tumaini. Nilipoligundua nilikaa kimya kidogo, kwa kuwa nimesoma na akina Tumaini watatu Sinza, na sikuwahi kufikiri kwamba mfalme wa hadithi zile aliitwa kama wao.

Kwa hiyo, ukitaka kutunga jina mwenyewe, chukua Quenya. Ukitaka Sindarin, chukua jina lililokwisha kutungwa na Tolkien, au kaa na mabadiliko ya konsonanti wiki kadhaa kabla ya kugusa kalamu.

Watu wa farasi

Kidothraki, lugha ya wapanda farasi, kilitungwa na David J. Peterson kwa ajili ya Game of Thrones, tamthilia ya HBO, kwa kuanzia na maneno machache ya George R. R. Martin, mwandishi wa riwaya zilizoizaa. Kilipotangazwa mwaka 2010, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotajwa kukipa msukumo, pamoja na Kirusi, Kituruki, Kiestonia na Inuktitut. Mswahili anayekisoma hukutana na mambo ya nyumbani. Nomino zimegawanywa katika vyenye uhai na visivyo na uhai. Mtenda hutokana na kitenzi kwa njia iliyonyooka: lajat ni kupigana, lajak ni mpiganaji, dothralat ni kupanda farasi, dothrak ni mpanda farasi, nao wakiwa wengi ni dothraki. Sisi husema pigana, mpiganaji. Ukitaka jina la kazi, la mtu anayejulikana kwa anachokitenda, hakuna lugha kati ya hizi itakayokufikisha haraka zaidi. Majina ya wanaume wao huishia kwa o, kama Drogo na Rakharo. Ya wanawake yana i, kama Irri na Jhiqui. Nyota zikiwa nyingi ni shieraki, na neno hilo linaishia kwa i lenyewe.

Lakini hapa ndipo kipimo cha tatu kinapouma. Wadothraki wanaiita bahari maji ya sumu, kwa kuwa farasi hawezi kuyanywa, na kwa desturi hawaivuki. Baharia mwenye jina la Kidothraki ana swali kubwa kichwani pake: nani alimpa jina hilo, na kwa nini yuko chomboni? Kama mchezaji analitaka swali hilo, ni zawadi. Mkimbizi aliyewaacha watu wake na kwenda kuishi juu ya maji wanayoyaogopa ni mhusika ambaye ningependa kumsikiliza Jumamosi kumi mfululizo. Kama halitaki, jina litampinga kila anapofungua mdomo.

Kivalyria cha Juu, kazi ya Peterson huyohuyo kwa tamthilia ileile, kina ngeli nne: ya mwezi, ya jua, ya nchi kavu na ya majini. Mara nyingi unaitambua ngeli kwa mwisho wa neno: irabu ni mwezi, s ni jua, n ni nchi kavu, r ni maji. Perzys, moto, ni wa jua; tegon, ardhi, ni ya nchi kavu; iēdar, maji, ni ya majini kama unavyotarajia. Ni mpango mzuri mno kwa anayetaka ukoo mzima wa wahusika wenye miisho inayofanana. Ila majina mashuhuri ya riwaya zile yalitangulia lugha yenyewe. Usiyafumue ukitafuta maana, wala usinakili mwisho wa Daenerys ukadhani umebeba kitu.

Kiklingon

Marc Okrand alikikuza kwa ajili ya filamu ya Star Trek ya mwaka 1984, na kamusi yake ikatoka mwaka 1985. Ni lugha ya anga za juu, lakini mezani nimeiona ikitumika kwa majitu na askari wa kukodiwa, na inafaa. Gh yake ni ya ghali, ng yake ni ya ng'ombe. Mtenda hupatikana kwa tamati: Suv ni kupigana, SuvwI' ni shujaa wa vita. Kwa mtu kujitaja kwa ukoo ni bora kuliko zote. Jina la baba hutangulia, kisha puqloD, mwana, na linatoka kinywani kama kiapo.

Ugumu wake ni wa maandishi. Herufi kubwa na ndogo ni sauti tofauti, q si Q, na simu inayokuza herufi ya kwanza yenyewe itakubadilishia neno bila kukuuliza. Halafu kuna mitego ya maana. Neno ram ni usiku, lakini kitenzi ram ni kuwa duni, kutokuwa na umuhimu. Mtoto wa usiku kwa Kiklingon anaweza kusikika kama mtoto asiye na thamani. Kwa baharia wetu nimeifunga njia hii.

Na'vi ya Paul Frommer, ya filamu ya Avatar ya mwaka 2009, ina taronyu, mwindaji, kutoka taron, kuwinda, na mengine mengi ya kupendeza, lakini px, tx na kx zake zinataka koo lililofundishwa. Mezani watu watazisema p, t na k, na mwenye jina atachoka kusahihisha.

Kibeti ana majina mawili

Anayecheza kibeti namshauri atazame Khuzdul kwa makini, hata kama msamiati uliopo ni kiganja kimoja. Tolkien aliijenga kwa mashina ya konsonanti tatu, kwa mfano wa lugha za Kisemiti. Khazâd ni vibeti wenyewe, Khuzdul ni lugha yao; kinachobaki ni kh-z-d. Mswahili ameshaufanya mchezo huo maisha yake yote: kitabu, katibu, maktaba; hukumu, hakimu, mahakama. Ukipewa shina tatu utaweza kutunga kitu kinachosikika cha kweli, mradi umwambie msimulizi wazi kwamba ni chako.

Na kuna hili, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko sarufi yote. Vibeti wa Tolkien wana jina la nje, la kutumia na wageni, na majina hayo ameyachukua kwa wingi kwenye Völuspá, shairi la kale la Iceland. Jina la ndani, la Khuzdul, hawamwambii mgeni, wala hawaliandiki kaburini. Kwa hiyo mchezaji anaweza kuandika jina la nje kwenye karatasi, lile la ndani akamnong'oneza msimulizi peke yake. Tulimfanyia hivyo mwenzetu mmoja. Mpaka leo hatulijui, na kila mara kibeti wake akijeruhiwa tunajiuliza kama ndiyo siku atakapolitamka.

Na Kiswahili chenyewe?

Kuna wanaosema tusihangaike, tutumie majina yetu. Nawaelewa, na kwa mchezo uliowekwa katika miji ya mawe ya pwani ningekubali mara moja. Tuna vyeo vilivyokwisha kubeba hadithi: Fumo, kama Fumo Liyongo, Mwana, kama Mwana Mkisi ambaye mapokeo ya Mombasa yanamtaja kuwa mwanzilishi wa mji, au Mwana Kupona aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858. Tuna kusi na kaskazi, omo na tezi. Na kwa msoma nyota tuna neno ambalo hakuna lugha ya kutungwa iliyonipa linalolifikia: Kilimia, lile kundi la nyota ndogo ambalo wakulima wa pwani walipangia misimu yao. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Udhaifu wake ni ukaribu. Sema "Chausiku" barazani Kijitonyama, na kila mtu anamwona shangazi yake. Maana inafika kabla ya mhusika, na hakuna cha kufumbua baadaye. Jina la lugha ya mbali linakaa kimya wiki nyingi, kisha siku moja msimulizi anauliza swali sahihi, nalo linafunguka mbele ya wote. Hicho ndicho ninachokitafuta mimi ninapochagua Quenya.

Mdogo wangu nilimsomea haya yote jana usiku umeme ulipokatika. Alisikiliza mpaka kwa vibeti, akachukua kalamu. Kwenye nafasi ya jina akaandika Lómiel, akaweka alama ya mkazo juu ya o kwa kuikandamiza mara mbili ili wasije wakaisahau. Chini yake, kwa herufi ndogo, akaongeza jina ambalo mama wa baharia alimwita chomboni usiku ule, nalo ni Mwana Kilimia. Akaniomba nisiwaambie wenzake wa mezani hilo la pili mpaka chombo chao kipotee njia.